Fundi Akiharibu Nyumba, Nani Abebe Hasara?

Kila mwaka mvua zinapokaribia, watu wengi vijijini huanza kutengeneza nyumba zao. Mmoja aondoa majani apate kuezeka mabati. Mwingine aongeza chumba kwa ajili ya watoto waliokua. Mwingine atoboa ukuta aweke dirisha, hewa ipate kuingia. Hiyo ni kazi njema. Nyumba huwafunika wote, mzee na mtoto mchanga, na anayeitunza anawatunza wao.

Lakini twajua pia yanayofuata mara nyingi. Kazi huanza kwa furaha, ikaisha kwa matusi. Mwenye nyumba na fundi waliokula sahani moja siku ya kwanza hawasalimiani tena siku ya mwisho. Ukuta umepasuka, fedha zimekwisha, na kila mmoja asema: «Mimi nimeonewa.» Ugomvi wa namna hii umekwisha kutenganisha jamaa nyingi. Kwa hiyo leo tutafakari pamoja: kazi ya nyumba ikiharibika, nani abebe hasara? Aliyeharibiwa ana haki ya kudai nini, na kwa njia gani? Tena, haki yake yaishia wapi?

MFANO

Tuweke mfano. Baba mmoja ana nyumba ya matofali mabichi yenye paa la majani. Kwa miaka mitatu ameuza mahindi na mbuzi, hata akapata kununua mabati 24. Amwita fundi wa kijiji cha pili. Wapatana hivi: fundi ataondoa majani, ataongeza safu tatu za matofali juu ya kuta, ataweka mbao na kupigilia mabati. Malipo ya kazi yote ni faranga 300,000, katika mafungu matatu yaliyo sawa: la kwanza siku ya kuanza, la pili mbao zikisimama, la tatu kazi ikikwisha. Fundi aja na vijana wawili wa kumsaidia.

Juma la tatu kazi yakaribia kwisha. Fungu la tatu halijalipwa. Usiku waja upepo pamoja na mvua. Upande mmoja wa paa wanyanyuka, mabati 6 yachanika, na ukuta wa upande ule wapasuka toka juu hata chini. Kulipokucha mwenye nyumba asema: «Umeniharibia nyumba. Sikulipi hata faranga moja, na baiskeli yako naishika.» Fundi ajibu: «Upepo si wangu. Kazi nimeifanya, nilipe.» Wale vijana wawili wasimama kando, hawajui watalipwa na nani.

Watu wa kijiji wagawanyika. Jamaa za mwenye nyumba wasema ana haki yote. Jamaa za fundi wasema hana haki hata kidogo. Tusifanye kama wao. Hukumu njema haiulizi kwanza: «Huyu ni ndugu wa nani?» Yauliza: «Walipatana nini? Kimetokea nini? Kwa sababu ya nani?»

1. WALIPATANA NINI?

Watu wawili wakipatana kwa hiari yao, wamejifunga. Neno lao limekuwa sheria kati yao. Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya kuwako karatasi na kalamu, na sheria iliyoandikwa yasema vivyo hivyo. Katika nchi ya Kongo, sheria ya mapatano ilitolewa tarehe 30 Julai 1888, na mpaka leo ndiyo msingi. Kifungu chake cha 33 chafundisha mambo matatu: mapatano yaliyofanywa kwa halali ni kama sheria kwa waliopatana, mmoja hawezi kuyavunja peke yake, isipokuwa sheria yenyewe yamruhusu, tena yapasa kutimizwa kwa nia njema. Angalieni lile neno la tatu. Haitoshi kushika maneno ya mapatano kwa ujanja, huku moyo ukitafuta kumpunja mwenzako.

Sasa, fundi aliuza kitu gani? Hapa wengi hukosea. Kuna tofauti kati ya kibarua na fundi. Kibarua auza nguvu zake za siku nzima: aambiwa «chimba hapa», naye achimba hapo. Shimo likiwa mahali pabaya, kosa ni la aliyemwamuru. Lakini fundi anayeshika kazi nzima kwa bei moja hauzi jasho tu. Auza pia ujuzi wake. Mwenye nyumba hajui namna ya kufunga paa. Ndiyo sababu alimwita mtu ajuaye. Kwa hiyo fundi hajatimiza neno lake kwa kuchoka tu. Alilitimiza ikiwa paa ni paa kweli, lenye kustahimili mvua na upepo wa nchi ile.

Naye mwenye nyumba ana wajibu wake: kulipa kwa wakati, kuleta vifaa alivyoahidi, na kumwacha fundi afanye kazi yake. Asiyelipa mafungu kwa wakati, kisha akalalamika kwamba kazi imechelewa, ajilalamikie mwenyewe kwanza.

2. HASARA IMETOKA WAPI?

Sheria ile ile ya 1888, katika vifungu vya 258 na 259, yasema kwamba mtu akimletea mwenzake hasara kwa kosa lake, amefungwa kuilipa. Wala si kwa kosa la kusudi tu, bali hata kwa uzembe au kutoangalia. Basi lazima tutafute kosa. Hasara ya nyumba hutoka katika mojawapo ya visima vitatu.

Kisima cha kwanza ni kosa la fundi. Nalo huonekana kwa anayetazama vizuri. Upepo haulisukumi paa toka juu tu. Waingia chini ya mabati na kuyanyanyua. Kwa hiyo yapasa mbao za paa zifungwe ukutani kwa waya ya nguvu au ukanda wa chuma ulioshuka chini safu kadhaa za matofali. Zikikalishwa tu juu ya ukuta, zitaruka. Msumari wa bati hupigiliwa juu ya mgongo wa wimbi pamoja na kifuniko chake, wala si bondeni ambamo maji hupita. Bati moja lapasa kulalia jingine vya kutosha. Tofali bichi laogopa maji: lataka msingi wa mawe uliopanda juu ya ardhi, na paa linalotokeza nje mvua isipige ukuta. Anayetoboa mlango yapasa aweke kwanza ubao imara au chuma cha kubeba ukuta juu yake. Saruji nayo haitaki kukaushwa upesi na jua. Yapasa inyweshwe maji siku kadhaa. Fundi asiyeshika mambo haya hana ruhusa ya kuushtaki upepo. Upepo hushtakiwa mara nyingi kwa makosa ya watu.

Kisima cha pili ni kosa la mwenye nyumba. Pengine alileta mbao zilizoliwa na mchwa. Pengine aliambiwa: «Nunua waya», akajibu: «Waya ni ghali, acha tu.» Pengine alitaka kazi ya miezi miwili iishe kwa juma mbili, kwa sababu ya arusi. Anayelazimisha kazi mbaya hawezi kudai malipo ya kazi njema.

Lakini hapa tuulize neno moja: Je, fundi alimwonya? Kwa maana mwenye nyumba si fundi. Haoni hatari ambayo fundi aiona. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1804, ambayo Ubelgiji iliifuata na ambayo sheria ya Kongo ilitokana nayo, ilisema kwamba nyumba iliyojengwa kwa bei moja iliyopatanwa, ikianguka kwa ubovu wa ujenzi, hata kwa ubovu wa udongo wenyewe, mjenzi aulizwa habari yake kwa muda wa miaka 10. Kwa nini aulizwe hata habari ya udongo, na udongo hakuuumba yeye? Kwa sababu ni kazi yake kuujua. Kama udongo haufai, aseme: «Hapa sijengi.» Fundi aliyenyamaza asipoteze kazi, amegawana kosa na aliyemwamuru. Aliyeonya mbele ya mashahidi, mwenye nyumba akakataa, mzigo wake umekuwa mwepesi. Na kama hatari yenyewe ni ya kuua watu, maonyo hayatoshi. Yapasa akatae kabisa, kwa maana hakuna malipo yanayoweza kununua maisha ya watoto watakaolala ndani.

Kisima cha tatu ni nguvu ambayo hakuna mtu awezaye kuijua mbele wala kuizuia. Mwaka 2002, na tena mwaka 2021, mlima Nyiragongo karibu na Goma ulitapika moto ukafunika nyumba nyingi. Hakuna fundi aliyeweza kujenga ukuta wa kuuzuia ule moto. Katika jambo kama hili hakuna mkosaji, na haifai kumtafuta kwa nguvu. Lakini mvua ya mwezi wa mvua na upepo unaokuja kila mwaka si mambo ya namna hii. Kila mtu ajua yatakuja. Fundi ndiye aliyeitwa kwa ajili yao.

3. KOSA LILILOFICHWA

Kuna makosa yasiyoonekana. Fundi amepewa mifuko ya saruji. Ameuza miwili kwa siri, akachanganya udongo mwingi, kisha akapaka ukuta kwa nje, ukapendeza. Mwenye nyumba asifu, alipa, amwongeza kuku. Hakuna anayejua. Je, fundi huyu yu huru?

Kuna habari ya zamani aliyoiandika Cicero, mtu wa Roma, mwaka 44 kabla ya Kristu. Mtu mmoja aitwaye Claudius Centumalus alikuwa na nyumba juu ya kilima huko Roma. Waaguzi wa mji walimwamuru abomoe sehemu iliyokuwa ndefu mno, kwa kuwa ilizuia kazi yao ya kutazama mbingu. Yeye hakubomoa, bali akaiuza ile nyumba, wala hakumwambia mnunuzi neno lo lote. Mnunuzi alipokwisha kulipa, naye akapata amri ile ile, akabomoa. Baadaye akagundua kwamba muuzaji alijua, akampeleka mbele ya mwamuzi. Mwamuzi, Marko Kato, akakata neno: Kwa kuwa ulijua nawe ukanyamaza, yapasa ulipe hasara.

Watu wale walikuwa wapagani. Lakini akili waliyopewa iliwaonyesha ya kwamba kunyamaza kwaweza kuwa uongo. Mtakatifu Toma wa Akwino naye alifundisha kwamba muuzaji aijuaye kasoro iliyofichwa, yenye kuleta hatari au hasara, amefungwa kuisema. Kama ni hivyo kwa muuzaji wa kitu, zaidi sana kwa fundi aliyeitengeneza kasoro kwa mikono yake.

Basi fundi yule hayuko huru. Ana deni, hata kama hakuna anayemdai. Deni halizaliwi na kuonekana kwa kosa, bali na kosa lenyewe. Wala asiseme: «Nitaungama, yatakwisha.» Maungamo yataka majuto, na majuto ya kweli yarudisha kilichochukuliwa. Arudi, atengeneze ukuta. Au arudishe bei ya mifuko aliyouza na hasara iliyotokana nayo.

4. HAKI ZA MWENYE NYUMBA

Ikiwa kosa ni la fundi, mwenye nyumba aweza kudai nini? Tuziandike haki zake kwa taratibu yake.

Kwanza, ana haki ya kudai kazi itengenezwe na fundi yule yule, bila kulipwa mara ya pili. Hii ndiyo dawa ya kwanza, nayo ni bora. Yamrudishia mwenye nyumba paa lake, na yamrudishia fundi jina lake.

Pili, ana haki ya kutolipa sehemu ya malipo inayolingana na kazi iliyoharibika, mpaka itengenezwe. Inayolingana, nasema. Atakayekataa kulipa ng'ombe kwa sababu mkia una kidonda, huyo hadai haki, aiba.

Tatu, fundi akikataa au akikimbia, mwenye nyumba aweza kuruhusiwa na mwamuzi kumwita fundi mwingine, na gharama ikawa juu ya yule wa kwanza.

Nne, kosa likiwa kubwa kupita kiasi, aweza kuomba mapatano yavunjwe.

Tano, ana haki ya kulipwa hasara iliyotokana na kosa lile: mabati yaliyochanika, mahindi yaliyolowa ndani. Hapa napo aseme kweli. Kama magunia yaliyolowa ni mawili, asihesabu matano. Anayeongeza hasara yake amekuwa mkosaji baada ya kuwa mkosewa.

5. MIPAKA YA HAKI HIYO

Labda utasema: «Mimi nimeharibiwa nyumba, na bado waniwekea mipaka?» Ndiyo, ndugu. Mwenye haki asipojua mpaka wake, jioni yake atakuwa mdhalimu.

Zaidi ya miaka 1,700 kabla ya Kristu, katika nchi ya Babeli, mfalme Hammurabi aliandikisha sheria juu ya jiwe jeusi. Jiwe lile lilivumbuliwa mwaka 1901, nalo liko Paris mpaka leo. Juu yake imeandikwa kwamba mjenzi ambaye ukuta wa nyumba aliyoijenga waelekea kuanguka, auimarishe kwa mali yake mwenyewe. Hukumu hiyo ni ya haki. Lakini imeandikwa pia kwamba nyumba ikianguka ikamwua mwana wa mwenye nyumba, mwana wa mjenzi auawe. Twashtuka, sivyo? Mtoto yule alikosa nini? Hakushika tofali wala kamba.

Lakini tusiwacheke watu wa Babeli kabla ya kujitazama. Fundi akikosa, watu hufanya nini? Wengine huenda wakakamata mbuzi wa ndugu yake, wakisema: «Ni damu moja.» Yule ndugu hakupatana na mtu, hakupokea faranga moja. Jamaa ikipenda kumsaidia mtu wao kulipa, ni vema, ni upendo. Lakini kuichukua mali ya asiye na kosa si malipo; ni wizi wa pili juu ya hasara ya kwanza.

Kadhalika haifai kushika vyombo vya kazi vya fundi kwa nguvu. Nani aliyekufanya mwamuzi katika shauri lako mwenyewe? Tena, ukimnyang'anya mwiko na msumeno wake, atapata wapi fedha ya kukulipa?

Kadhalika haifai kumpa askari fedha ili amfunge fundi mpaka alipe. Deni la mapatano si kosa la kifungo. Mapatano ya mataifa ya mwaka 1966, ambayo nchi yetu iliyakubali mwaka 1976, yakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza aliyopatana. Aliyeiba saruji ni habari nyingine. Huyo ni mwizi, na wizi una hukumu yake. Lakini aliyekosea kufunga paa apelekwe barazani, siyo gerezani.

Mwisho, na hili msilisahau: wale vijana wawili. Walichanganya udongo, walibeba matofali, walifanya kila walichoamriwa. Wao waliuza jasho, si ujuzi. Ujira wao hauwezi kuwa fimbo ya kumpigia fundi. Maandiko Matakatifu yakataza ujira wa kibarua kulala usiku kucha mkononi mwa tajiri. Basi, kwanza fundi ndiye mwenye kuwalipa, maana ndiye aliyewaita. Naye mwenye nyumba anapotoa sehemu ya malipo, aangalie wasirudi nyumbani mikono mitupu.

6. NJIA YA KUFUATA

Injili ya Mtakatifu Mateyo yatuonyesha njia ya kumwonya ndugu aliyekosa: kwanza wewe na yeye peke yenu, asiposikia, pamoja na mmoja au wawili, asiposikia, mbele ya jumuiya. Njia hii yafaa hata katika shauri la nyumba.

Kwanza, mwite fundi, mtazame pamoja uharibifu. Msianze kwa mayowe barabarani. Mwonyeshe: «Hapa mbao haikufungwa.» Fundi wengi hukubali wakiwa peke yao na mwenye mali, lakini wakiaibishwa mbele ya watu hukana hata kinachoonekana kwa macho. Wala usiharakishe kubomoa au kurekebisha kabla ya watu kuona, kwa maana utakuwa umeuondoa ushahidi wako mwenyewe.

Pili, asipokubali, leta mashahidi wawili, mmoja wao awe fundi mwingine mwenye sifa njema, asiye jamaa ya mmoja wenu. Yeye aseme chanzo cha hasara na gharama ya kuitengeneza.

Tatu, mkishindwa hapo, wapelekeeni wazee au chifu. Na kama shauri ni kubwa, liko baraza la amani la serikali, lenye mwamuzi wa kukata mashauri ya watu wa kawaida. Kumpeleka mtu mbele ya mwamuzi wa haki si chuki. Chuki ni kumsengenya kwa miaka mitano bila kumpa nafasi ya kujibu.

Lakini dawa iliyo bora hunywewa kabla ya ugonjwa. Kabla ya kuanza kazi, andikeni mapatano katika karatasi mbili, kila mmoja ashike yake: kazi gani, kwa vifaa gani, vya nani, kwa bei gani, kwa siku ngapi. Kama hamjui kuandika, mwalimu au karani aandike mbele ya mashahidi, asome kwa sauti, nanyi mtie alama. Lipeni kwa mafungu, na fungu la mwisho lisitoke kabla ya kuitazama kazi. Wengine husema: «Kuandika ni kumdharau rafiki.» Sivyo. Kumbukumbu ya mtu ni kama ukuta wa udongo, mvua huimomonyoa. Karatasi yawakumbusha wote wawili, wapate kubaki marafiki.

7. HUKUMU YA MFANO WETU

Turudi kwa yule baba na fundi wake. Mashahidi wamefika, wametazama. Wameona mbao za paa zilikalishwa juu ya ukuta bila waya. Fundi asema: «Hakununua waya.» Mwenye nyumba akubali: «Kweli, hakuna waya. Lakini hakuniomba.» Fundi anyamaza. Basi kosa ni la fundi, kwa kuwa ndiye aliyejua haja ya waya, wala hakuonya. Upepo ulikuwa upepo wa kila mwaka.

Fundi yule wa pili akadiria kwamba kulitengeneza paa na ukuta kwataka kazi ya faranga 60,000, mbali na mabati 6. Hukumu ya haki ni ipi? Fundi arudi, atengeneze bila malipo mapya, naye alete mabati 6 kwa fedha yake. Hapo atapokea fungu la tatu lote. Waya ainunue mwenye nyumba, kwa kuwa angeinunua hata hivyo. Si hasara, ni sehemu ya nyumba yake. Kama fundi hataki kurudi, mwenye nyumba azuie faranga 60,000 pamoja na bei ya mabati, na kinachobaki katika fungu la tatu akitoe. Kama hakuna kinachobaki, fundi adaiwa kilichopungua, lakini vijana wawili walipwe na fundi kwa vyo vyote. Na baiskeli irudishwe leo hii.

Je, hukumu hii yampendeza mwenye nyumba? Si kabisa, alitaka asilipe hata faranga moja. Yampendeza fundi? Si kabisa, alitaka yote. Lakini kila mmoja akienda kulala aweza kusema: «Sikuibiwa, wala sikuiba.»

MASWALI YA KUKUMBUKA

Fundi aliuza nini? — Aliuza kazi njema yenye ujuzi, siyo uchovu wake tu.

Nani hubeba hasara? — Aliyeileta kwa kosa lake, hata kosa la uzembe. Kama wote wawili wamekosa, waigawane kadiri ya kosa la kila mmoja.

Kosa lisiloonekana lina deni? — Ndiyo. Anayejua akanyamaza amefungwa kulipa.

Mwenye nyumba aweza kukataa kulipa? — Aweza kuzuia sehemu inayolingana na uharibifu, siyo zaidi.

Aweza kuchukua mali ya ndugu wa fundi, au kumfungisha? — La. Asiye na kosa asiguswe, na mwenye deni aitwe barazani.

Ndugu wapenzi, wengi wenu ni wenye nyumba, na baadhi yenu ni mafundi. Mwaka huu mwaweza kuwa upande huu, mwaka kesho upande ule. Basi, mwenye nyumba, kabla ya kumshtaki fundi, jiulize ungependa kushtakiwa namna gani. Nawe fundi, kabla ya kuipigilia mbao isiyofungwa, fikiri ni mtoto wa nani atakayelala chini yake.